Jifunzeni Kivietinamu mkitokea kwenye Kiswahili

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze na hawa vijana kabla hawajaondoka. Baadhi yenu mnakwenda kusoma Hanoi. Baadhi mnaifuata biashara ya korosho kusini mwa nchi ile. Na nimesikia wawili wanakwenda kutembea tu, mwezi mmoja, kisha warudi. Mimi nimeishi Vietinamu miaka sita: miwili Hanoi, minne katika Jiji la Ho Chi Minh, ambalo wenyeji wengi mpaka leo wanaliita Sài Gòn. Ninyi ni watu wa Mtwara, hamna haja ya kufundishwa kwamba korosho yetu ghafi hupakiwa melini kwenda kubanguliwa ng'ambo, India na Vietinamu. Mimi nilikuwa kwenye ule upande wa pili wa safari, ghalani, kati ya gunia na mnunuzi. Lugha ndiyo iliyonipa riziki, na nilichelewa kuipata kwa sababu niliingilia mlango usio wangu.

Ninalotaka mlibebe ni hili. Msikiendee Kivietinamu kwa kupitia Kiingereza. Kiendeeni mkitokea kwenye Kiswahili. Mtashangaa ni mambo mangapi mnayo tayari.

Nieleze yaliyonikuta. Kitabu changu cha kwanza kiliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza. Kurasa za mwanzo zilinifundisha kwamba "mimi" ni tôi na "wewe" ni bạn. Nikakariri. Nilikuwa nimepanga chumba Hanoi, ndani ndani kwenye uchochoro, nyumba ya bibi mmoja mwenye umri wa kumzaa mama yangu. Kila asubuhi nikishuka ngazi namkuta anafagia, namwambia: Chào bạn. Ananiitikia kwa kichwa, anaendelea na ufagio wake. Miezi mitatu ikapita hivyo. Nikaanza kuamini kwamba watu wa pale ni wakavu, na niliandika hivyo kwenye barua kwa mama.

Siku moja binti wa jirani akanivuta pembeni. Akaniambia: kaka, bạn maana yake rafiki, mtu wa rika lako. Yule ni bà kwako.

Hebu fikirini. Kijana anapita kibarazani asubuhi, anamkuta bibi wa miaka sabini, anamwambia, "Mambo, rafiki!" Hapa kwetu mngemfanyaje? Na mimi, mtoto niliyelelewa Newala, niliyefundishwa shikamoo kabla ya kufundishwa kuhesabu, nilikuwa nafanya hivyo kila siku kwa miezi mitatu, kwa kuwa kitabu kiliniambia "wewe" ni "wewe" tu.

Kesho yake nikashuka nikasema: Cháu chào bà ạ. Neno kwa neno ni "mjukuu anamsalimu bibi", na lile ạ la mwisho halina tafsiri, ni heshima yenyewe imewekwa mdomoni. Bibi akaegemeza ufagio ukutani. Akaniuliza: Cháu ăn cơm chưa? Mjukuu, umekula wali? Siku ile nilikula kwake, na tangu siku ile sikuwa mpangaji tena katika nyumba ile.

Sasa shikeni msingi wa jambo lenyewe. Kivietinamu hakina "mimi" na "wewe" za kutumia kwa kila mtu. Kina ndugu. Mwanamume anayekuzidi kidogo ni anh, kaka mkubwa. Mwanamke anayekuzidi kidogo ni chị, dada mkubwa. Mdogo wako, wa kike au wa kiume, ni em. Bà ni bibi, ông ni babu, cháu ni mjukuu, na pia ni mtoto wa ndugu yako. Nawe unajitaja kwa nafasi yako mbele ya yule unayesema naye: mbele ya bibi mimi ni cháu, mbele ya kaka mimi ni em, mbele ya mdogo wangu mimi ni anh. Wageni wengi wanaliona hili kama mtego. Lakini mama wa Kiswahili anamwambia mwanawe, "Njoo kwa mama." Baba anasema, "Mletee baba maji," na baba mwenyewe ndiye anayesema. Mnalijua tangu mkiwa mgongoni.

Tena liko zuri zaidi. Kiingereza kina neno moja kwa kaka mkubwa wa baba, mdogo wa baba na ndugu wa kiume wa mama. Sisi hatuwachanganyi watu hao: baba mkubwa, baba mdogo, mjomba. Kivietinamu nacho hakiwachanganyi: bác, chú, cậu. Shangazi ni cô. Mama mdogo ni dì. Mnaposikia Wavietinamu wakimwita Ho Chi Minh kwa jina la Bác Hồ, dunia imezoea kulitafsiri kwa lile neno moja la Kiingereza, na uzito wake ukapotea njiani. Sisi tunaweza kulisema sawasawa: Baba Mkubwa Hồ. Yaani mkubwa kuliko baba yako mwenyewe, na bado wa damu moja nawe. Nilipomweleza mzee mmoja kule kwamba lugha yetu ina neno hilohilo, alinyamaza kidogo, kisha akanishika mkono hakuuachia.

Kwa sababu hiyo mtaulizwa umri, na mapema. Mwaka gani umezaliwa? Wasikukereni. Kwetu tunampima mtu kwa macho ndipo tunaamua kama ni shikamoo au habari. Wao wanauliza kabisa, kwa kuwa bila kujua hilo hawana namna ya kukuita.

Njooni kwenye neno chưa, ambalo nalipenda kuliko yote. Bibi aliniuliza ăn cơm chưa. Chưa ni "bado". Ukiwa umekula, unajibu rồi, "tayari". Hujala, unajibu chưa. Watakuuliza pia: Anh có vợ chưa? Kaka, una mke bado? Anayefikiri kwa Kiingereza atajibu kwa "hapana" ya mkato, không, na swali lile limekuja limefunguliwa mlango wa kesho, yeye anaufunga. Sisi tuna "bado". Tena tumelifungia ndani ya kitenzi: sijala, sijaoa, hajaolewa, hajazaa. Kwetu kusema "hazai" na kusema "hajazaa" ni mbali kama mashariki na magharibi, na mkwe anayechanganya hayo mawili hasamehewi upesi. Mvietinamu analielewa jambo hili bila kuelezwa. Kwa hiyo mkiulizwa kuhusu ndoa, watoto, nyumba, gari, jibuni chưa. Mtakuwa mmejibu Kivietinamu na adabu yake.

Mpangilio wa maneno? Hapo nilicheka kwa furaha siku nilipouona. Chukueni sentensi hii: Cái này là cái gì? Cái ni kitu. Này ni hiki. Là ni "ni". Cái tena, kitu. Gì, gani. Kitu hiki ni kitu gani. Maneno matano kwa matano, hakuna lililohama mahali pake. Nhà này của bà: nyumba hii ya bibi. Anh đi đâu: kaka, unaenda wapi. Neno la kuulizia linakaa mwishoni kama kwetu, halikimbilii mbele. Sifa inafuata nomino. Kitenzi hakibadiliki hata kidogo, na wakati unaonyeshwa kwa vijineno: đã kwa yaliyopita, đang kwa yanayoendelea, sẽ kwa yajayo. Ni kama mtu ameichukua ile -li-, -na- na -ta- yetu akaiandika mbalimbali.

Na aliyekula ubwabwa tangu utotoni hatababaishwa na maneno ya mpunga. Shambani ni lúa, ukikobolewa ni gạo, ukipikwa ni cơm. Mpunga, mchele, wali.

Ngeli nazo ziko, ingawa haziburuti upatanisho wa sentensi nzima kama zetu. Nomino inapohesabiwa hutanguliwa na neno la kundi lake. Wanyama ni con: con mèo, paka, con chó, mbwa. Vitu vingi ni cái. Lakini mtasikia con dao, na dao ni kisu. Con sông, na sông ni mto. Con đường, na đường ni barabara. Wenyeji walinieleza kwamba hivyo vinatembea, vina mwendo, ndiyo maana vimepangwa na wenye uhai. Mtu ambaye lugha yake imeweka mto pamoja na mti katika ngeli moja hawezi kulalamika.

Matamshi pia mna mtaji. Jina Nguyễn linawatoa jasho wageni wengi, lakini linaanza na ile ng' ya ng'ombe. Herufi nh ni ny yetu, hivyo nhà, nyumba, inaanza kama nyumba. Kh ni ile ya watu wa pwani wanaposema kheri kwa kukwaruza koo. Đ yenye mkia katikati ni d ya dada. Angalieni tu d isiyo na mkia: Hanoi inasomwa z, Sài Gòn inasomwa y. Vazi lao la kike, áo dài, mtalisikia kwa z kaskazini na kwa y kusini.

Kuna taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha. Imekadiria saa 1,100 za darasani kwa Kivietinamu na saa 900 kwa Kiswahili. Hesabu hiyo ni ya mtu aliyezaliwa katika Kiingereza. Hakuna aliyewahesabia ninyi, kwa hiyo msiibebe kama yenu.

Sasa niseme lililo gumu, maana nisipolisema nitakuwa nimewadanganya.

Toni. Lafudhi ya Hanoi ina toni sita, kusini zinabaki tano. Silabi ileile ikipanda, ikishuka, ikivunjika kooni au ikikatwa, ni neno lingine kabisa. Kiswahili hakina kitu hicho. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Wenzetu wa Kongo wanaosema Kilingala wanalijua jambo hili, kwani moto kwao ni mtu au ni kichwa kutegemea sauti imepanda wapi. Wahaya, Wasukuma, Wakikuyu, Wajaluo na Wanyarwanda wana toni katika lugha za nyumbani. Ikiwa kuna miongoni mwenu aliyekulia katika lugha ya namna hiyo, sikio lake limeshapata mafunzo, alitumie.

Sisi wengine tunaanza chini. Sokoni Hanoi kuna dưa, ukoo wa matikiti na matango, sauti yake imelala sawa. Kuna dừa, nazi, sauti inashuka polepole, kama mzazi aliyechoka akisema "haya". Kuna dứa, nanasi, sauti inapanda, kama mtu aliyeshtuka akauliza "eti?" Nilimwonyesha mama mmoja sokoni tui lililokuwa kwenye mfuko, nikataka kuhakikisha ni la nazi. Nikasema "Dừa?" kwa swali, kama tunavyouliza sisi. Akatikisa kichwa, akanipa nanasi.

Shikeni hapo, maana jambo hili sikulikuta katika kitabu chochote nilichokitumia. Sisi tunauliza kwa kupandisha sauti. "Umekula" na "Umekula?" vinatofautiana kwa sauti tu. Ukipandisha sauti mwisho wa sentensi ya Kivietinamu, umebadilisha neno la mwisho. Dừa yangu iligeuka dứa kwa sababu nilikuwa nauliza. Wao huuliza kwa neno: wanaweka không mwishoni, au chưa, au à. Sauti inabaki na kazi yake. Hata hasira, hata furaha, hata mshangao, kwa sehemu kubwa hupitia kwenye vijineno vya mwishoni. Kwa hiyo mazoezi yenu ya mwezi wa kwanza yawe hayo: ulizeni bila kupandisha. Ni kazi ya mwili kuliko ya akili, kama kujifunza kupiga makasia kwa mkono wa kushoto.

Ugumu wa pili ni wetu wenyewe. Maneno yetu huishia kwa vokali. Yao mengi huishia kwa p, t au c ambayo haiachiliwi, pumzi inazuiwa mdomoni na neno limekwisha. Một, moja. Ulimi wetu unataka kuongeza kitu, tunasema "moti". Usiongeze. Zuia pumzi, nyamaza.

Kusoma hakutawasumbua sana, na hapa kuna habari ambayo mtu wa pwani anapaswa kuijua. Wavietinamu waliandika kwa herufi za Kichina, na kwa maandishi yao wenyewe yaliyojengwa juu ya hizo, yanayoitwa chữ Nôm. Katika karne ya 17 wamisionari wa Kijesuiti, wengi wao Wareno, wakaanza kuiandika lugha ile kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1651 Alexandre de Rhodes akachapisha Roma kamusi ya Kivietinamu, Kireno na Kilatini. Ile nh niliyowatajia ni tahajia ya Kireno. Mwaka huo Wareno walikuwa bado wameishika Ngome ya Yesu pale Mombasa, nasi tulikuwa tukichukua kwao meza, leso na bendera. Mkorosho nao waliuleta wao katika pwani hii, kutoka Brazili. Lugha yetu nayo iliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuandikwa kwa hizi za leo.

Kuna udugu mwingine unaoniuma na kunifariji pamoja. Mara ngapi mmeambiwa Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa? Wao wanaambiwa lugha yao ni Kichina. China iliwatawala kwa karibu miaka 1,000, mpaka mwaka 938, na maneno ya Kichina yamejaa kila pembe. Lakini mifupa ya lugha ile ni ya ukoo mwingine, ukoo mmoja na Kikhmer cha Kambodia, kama mifupa ya Kiswahili ilivyo ya Kibantu hata ukikivika kanzu ya maneno ya Kiarabu. Ukimwambia Mvietinamu kwamba unalijua hilo, na kwa nini unalijua, umemheshimu.

Tarehe 2 Septemba 1945 walitangaza uhuru. Siku sita baadaye ikatolewa amri ya kuanzisha madarasa ya kuwafundisha watu wote kusoma kwa herufi hizo. Wazee mliohudhuria kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, mnaelewa maana ya taifa kujifundisha kwa lugha yake.

Kwenye simu, wekeni kibodi inayoitwa Telex. Alama za toni mnaziandika kwa herufi za kawaida: s inapandisha, f inashusha, j inatia toni nzito ya chini. Herufi f na j hazimo katika alfabeti yao, ndiyo maana zimepewa kazi hiyo. Msiandike bila alama kwa uvivu. Wenyeji wanafanya hivyo wao kwa wao na wanaelewana, ninyi bado.

Maneno machache mtayakuta yamewatangulia. Bia ni bia, neno hilohilo. Xà phòng ni sabuni, wao wamelipata kwa Wafaransa, sisi kwa Waarabu, asili moja. Cà phê na kahawa ni ndugu pia. Lakini chai kwao ni chupa, kwa hiyo aliyezoea chai ya asubuhi aseme trà.

Chagueni upande mmoja wa nchi mshikamane nao. Nilipohama Hanoi kwenda kusini nilianza upya mambo mengi. Kijiko kilikuwa thìa kikawa muỗng. Nguruwe alikuwa lợn akawa heo. Nanasi langu, dứa, nililolipata kwa taabu, likawa thơm. Ốm kaskazini ni kuumwa, kusini ni kukonda. Anayekwenda kwenye korosho ajifunze kwa mwalimu wa kusini tangu siku ya kwanza. Korosho yenyewe ni hạt điều, na ina jina jingine zuri, đào lộn hột, tunda lililogeuza kokwa, kwa vile mbegu inaning'inia nje ya bibo.

Darasa lifuateni, lakini kinachowafungua ulimi kiko barabarani. Hanoi kila kona kuna mama na viti vidogo vya plastiki, anauza trà đá, chai ya barafu, na watu wamekaa wanazungumza. Ni kijiwe cha kahawa kama cha kwetu. Kaeni hapo kila siku, kijiwe kilekile, kwa mtu yuleyule, mpaka akujue na akusahihishe. Bodaboda wao wanaiita xe ôm, chombo cha kukumbatia. Wapandeni, zungumzeni njiani.

Nimeona mmeshika kalamu. Wekeni chini kwanza, simameni. Pale mbele amekaa bibi yetu, amekuja kumsindikiza mjukuu wake anayeondoka Jumatano. Mgeukieni. Sauti ya cháu ipande. Chào ishuke. Bà ishuke. Ạ iwe fupi, chini, ikatike. Pamoja: Cháu chào bà ạ.

Tena, na msipandishe mwisho.

Bibi, marahaba yake ni hii: Bà chào cháu.